Jibu: Akaunti ya CERN imefunguka, lakini kurasa na data za ATLAS zinakataa

Ndugu mleta mada, umesema kwamba umepokelewa kusoma shahada ya uzamivu katika kundi lililomo ndani ya ATLAS, mojawapo ya majaribio ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, kwamba akaunti yako ya CERN imefunguliwa na barua pepe inafanya kazi, lakini kila ukijaribu kufungua kurasa za ndani za uchambuzi au kusoma data unaambiwa huna ruhusa, na msimamizi wako anakujibu tu kwamba usubiri mfumo. Mimi niliingia katika jaribio hilohilo kupitia chuo kimoja cha Afrika Kusini, nchi ambayo vyuo vyake vimo ndani ya ATLAS tangu 2010, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya nikiwa Dar es Salaam. Nitaeleza mambo yanavyokwenda kwa mtu aliye mbali, kwa sababu maelekezo mengi utakayoyakuta yameandikwa kana kwamba msomaji amekwisha kuvuka lango la CERN huko Meyrin na anaweza kwenda kugonga mlango wa ofisi yoyote anayoitaka.

Hakuna mfumo mmoja unaousubiri. Akaunti uliyopewa inathibitisha wewe ni nani, basi. Kuingia kwenye kompyuta za LXPLUS, kusoma hifadhi ya data ya EOS, kufungua kurasa za ATLAS na kutuma kazi kwenye gridi (mtandao wa vituo vya kompyuta vinavyochakata data) ni mambo yenye idhini mbalimbali, na kila idhini ina mwenyewe: ofisi ya watumiaji ya CERN ina yake, sekretarieti ya ATLAS ina yake, waratibu wa kikundi chako cha uchambuzi wana yao, na wasimamizi wa gridi wana yao. Ofisi hizi hazisukumani. Ya kwanza ikimaliza kazi yake, ya pili haiamki yenyewe kukushughulikia, mpaka mtu aiombe. Kwa hiyo kila unapokwama, tafuta kwanza kujua idhini hiyo iko mezani kwa nani, na usitume ombi la jumla lisemalo kwamba "akaunti haifanyi kazi", kwa sababu anayelipokea atakagua akaunti, ataiona nzima, na atalifunga.

Nianze na usajili wenyewe, ingawa wewe umekwisha kuupita, kwa kuwa matatizo mengi ya baadaye huzaliwa hapo. Mwombaji hajisajili. Fomu ya awali huanzishwa au huidhinishwa na kiongozi wa timu wa taasisi yako, yaani mtu aliyepewa mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba ya taasisi hiyo, na mara nyingi huyo si msimamizi wako wa masomo. Fomu hiyo hudai nakala ya pasipoti, uthibitisho kwamba wewe ni mwanafunzi au mwajiriwa wa chuo, na tamko la chuo kwamba wanakutambua. Hapa ndipo majina yetu yanapoleta kazi. Watu wa Afrika Mashariki tuna majina matatu, na mpangilio wake hubadilika kulingana na nani aliyeshika kalamu: cheti cha kidato cha nne kina jina lako, la baba na la babu, kadi ya chuo imeruka la baba, pasipoti imeweka la babu peke yake kwenye mstari wa jina la ukoo. CERN hufuata pasipoti. Jina la kuingilia, ambalo huwa na herufi zisizozidi 8, pamoja na anwani ya barua pepe na jina litakaloandikwa ndani ya cheti chako cha gridi, vyote huchotwa kwenye kumbukumbu hiyo moja. Mwenzangu mmoja, ambaye barua yake ya chuo ilikuwa na majina mawili na pasipoti matatu, aliombwa barua nyingine ya kueleza kwamba ni mtu yuleyule, na ofisi ya chuo chake ikachukua muda mrefu kuiandika kuliko muda ambao CERN ilichukua kumaliza usajili wote. Hakikisha barua ya chuo inalingana na pasipoti herufi kwa herufi kabla haijatumwa.

Angalia pia umesajiliwa kwa hadhi gani. Anayekwenda kufanya kazi kwenye eneo la CERN husajiliwa kama mtumiaji, na hilo huambatana na kadi ya mlangoni, bima na kozi za usalama. Asiyekwenda husajiliwa kama mshiriki wa nje, ambaye hupata akaunti ya kompyuta bila kadi ya kuingilia eneo lenyewe. Kwa uchambuzi wa data hadhi ya pili inatosha kabisa, wala usikubali mtu akuambie usubiri viza ndipo upate akaunti, kwa maana hayo ni mambo mawili yasiyotegemeana.

Baada ya hapo kuna kanuni za matumizi ya kompyuta, ambazo CERN huziita Waraka wa Uendeshaji namba 5, na kozi ya usalama wa kompyuta inayosomwa kwenye kivinjari. Isome siku hiyohiyo. Halafu kuna uthibitisho wa hatua mbili: mbali na nywila, utatakiwa kuingiza namba ya tarakimu 6 inayozalishwa na programu ya simu na kubadilika kila sekunde 30. Namba hiyo hutegemea saa ya simu, kwa hiyo simu ambayo saa yake imerekebishwa kwa mkono ikakosea hata dakika chache itatoa namba zinazokataliwa, na utadhani nywila ndiyo mbovu. Sajili njia ya pili mapema, kwa mfano ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye tundu la USB, na uuhifadhi nyumbani. Simu huibiwa (anayepita Kariakoo jioni anajua), na ukiipoteza bila kuwa na njia ya pili itakubidi kuthibitisha upya kwa dawati la huduma kwamba wewe ndiye wewe, jambo ambalo aliye Geneva hulimaliza kwa kutembea hadi kwenye jengo lao na kuonyesha kadi.

Sasa tufike kwenye swali lako hasa. Kuwa na akaunti ya CERN hakukufanyi mwanachama wa ATLAS mbele ya kompyuta. ATLAS ina daftari lake la wanachama, linaloendeshwa kwa mfumo uitwao Glance, na taasisi yako ndiyo inayopaswa kukuandikisha humo, kwa kawaida kupitia mwakilishi wake. Ukishaandikwa, jina lako huingizwa katika makundi ya barua pepe, ambayo watu wa huko huyaita e-groups. Usiyachukulie makundi hayo kuwa orodha za kupokea matangazo tu, kwa sababu ndiyo funguo zenyewe: ukurasa unaokukatalia hauulizi wewe ni nani, unauliza umo katika kundi lipi. Baadhi ya makundi hujazwa yenyewe kutoka kwenye daftari la wanachama, na mengine huongozwa na binadamu anayepaswa kukubali ombi lako, ambaye pengine yuko likizo. Kila kundi lina ukurasa unaoonyesha mwenyewe na wasaidizi wake. Mwandikie mmoja wa hao moja kwa moja.

Kuna kizuizi kimoja ambacho nimeona watu wakikilalamikia mara nyingi bila kujua sababu yake. Unapoingia kwenye tovuti yoyote ya CERN, mfumo wa kuingia mara moja hukupa tokeni, yaani hati ndogo ya kidijitali, yenye orodha ya makundi uliyokuwamo wakati ule ulipoingia. Ukiongezwa kwenye kundi mchana, kivinjari chako kitaendelea kubeba orodha ya asubuhi. Toka kabisa kwenye akaunti, funga kivinjari, ingia upya. Hata hivyo mabadiliko ya makundi hayafiki kwenye huduma zote papo hapo, kwa hiyo ikikataa baada ya kuingia upya, iache ilale usiku mmoja kabla hujaandika malalamiko.

Upande wa LXPLUS, ambazo ni kompyuta za Linux za kuingia kutoka mbali, huduma yenyewe huombwa kwenye ukurasa wa rasilimali za akaunti yako. Wana ATLAS huwekwa katika kundi la Linux liitwalo zp, kama ambavyo wa jaribio jingine, CMS, huwekwa katika zh. Ukifanikiwa kuingia, andika amri ya id utazame: usipoiona zp kwenye jibu, basi uanachama wako haujafika huko, na hakuna haja ya kuhangaika na njia za data, zitakataa tu. Tiketi ya Kerberos, yaani kibali cha muda cha kufikia faili zako, unayopewa wakati wa kuingia hudumu takriban siku moja. Ukiacha kazi inaendelea hadi kesho yake, itaanza kushindwa kuandika faili hata kama haijakosea chochote, na dawa yake ni kuomba tiketi mpya kwa kinit. Kwa wenye intaneti ya kusuasua, SWAN, huduma ya CERN ya kufanya uchambuzi inayofunguka ndani ya kivinjari, huvumilia kukatika kwa mtandao vizuri kuliko dirisha la LXPLUS lenye michoro. Inatumia hifadhi ya CERNBox, ambako kila mtumiaji ana nafasi ya terabaiti 1.

Gridi ndiyo inayochosha. Data za majaribio ya CERN zimetawanywa katika vituo vya kompyuta takriban 170 vilivyo katika nchi zaidi ya 40, na vituo hivyo havikujui kwa nywila. Vinakujua kwa cheti cha kidijitali. Kwa mwenye akaunti ya CERN, cheti hutolewa na mamlaka ya vyeti ya CERN yenyewe kwa dakika chache. Kisha unakipeleka kwenye IAM, mfumo unaosimamia utambulisho wa watumiaji wa gridi, unaomba kuingizwa katika jumuiya pepe ya ATLAS, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kutumia gridi kwa jina la ATLAS, na msimamizi analinganisha ombi lako na kumbukumbu ya usajili. Majina na anwani ya barua pepe visipolingana na kumbukumbu hiyo, ombi hulala. Kuwa macho na kurasa za zamani zinazokuelekeza kwenye VOMS-Admin, mfumo uliotangulia, kwa sababu usajili umekwisha kuhamia IAM. Kadhalika maelekezo yoyote yanayotaja CentOS 7, toleo la zamani la Linux, yasome kwa tahadhari, kwani mfumo huo uliacha kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024.

Cheti hugawanywa kuwa faili mbili ndani ya saraka ya .globus, moja ya cheti na moja ya ufunguo wa siri, na zana za gridi hukataa kufanya kazi ikiwa ruhusa za ufunguo zinawaachia wengine wausome, ndiyo maana huwekewa ruhusa ya 400, yaani mwenyewe kusoma tu. Wengi huishia hapo wakidhani wamekwisha kuulinda. Lakini saraka yako ya nyumbani kwenye LXPLUS iko juu ya AFS, mfumo wa kuhifadhi faili kupitia mtandao, na katika AFS ruhusa hupangwa kwa saraka nzima kwa kutumia orodha ya wanaoruhusiwa. Chmod, amri ya kupanga ruhusa za faili uliyoizoea, haimzuii mtu wa nje. Unaweza kuandika 400, gridi ikaridhika, na bado yeyote anayeruhusiwa kusoma saraka hiyo akausoma ufunguo wako. Amri ya fs listacl itakuonyesha nani anaruhusiwa. Njia ninayoipendelea ni kuziweka faili zenyewe ndani ya saraka ya private, ambayo hufungwa tangu mwanzo, na kuacha .globus iwe kiungo tu cha kuelekea huko. Baada ya hapo amri ya voms-proxy-init itakupa hati ya muda inayodumu saa 12 usipoiongeza, na Rucio, mfumo wa kutafuta na kuhamisha data za ATLAS, itaanza kukuorodheshea data.

Usichanganye haya yote na suala la kuandikwa jina kwenye makala za ATLAS. Uandishi una masharti yake, ikiwamo kazi ya kufuzu ya takriban mwaka mmoja, na hauna uhusiano na kama LXPLUS inakukubali au la.

Kwa hali uliyoieleza, barua pepe ikiwa inafanya kazi na kurasa za ATLAS zikikataa, ninaamini hujaandikwa kwenye daftari la wanachama, au umeandikwa bila kuingizwa katika kundi la uchambuzi. Mwandikie mwakilishi wa taasisi yako na sekretarieti ya ATLAS katika barua moja, umnakili msimamizi wako, utaje jina la kuingilia, namba yako ya utambulisho ya CERN, anwani kamili ya ukurasa unaokataa na maneno ya kukataliwa kama yalivyoandikwa, na uulize jambo moja tu: je, jina langu limo kwenye daftari la wanachama? Suala la gridi liache hadi hapo litakapojibiwa. Wakati unasubiri, fungua tovuti ya data huria ya CERN, ambako tangu 2024 ATLAS imeweka takriban terabaiti 65 za migongano ya 2015 na 2016 kwa ajili ya utafiti. Muundo wa faili zake unafanana na ule utakaoukuta ndani, na hazihitaji akaunti wala cheti chochote.