Longonot na Watoto

SWALI: Watoto wetu wana miaka 8 na 12, na hatujawahi kupanda mlima wowote. Tunataka kwenda Longonot na kurudi Nakuru siku hiyohiyo. Tutafika kileleni? – Mama Nakuru

JIBU: Mnaweza, mradi saa ndiyo iwaamulie mahali pa kugeukia. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, yaani shimo kubwa la volkano, ni kilomita 3 na ushee. Mtu mzima hutumia saa moja na nusu. Huyo wa miaka 8 mpeni saa mbili. Kilele Ngamia, mita 2,776, kiko upande wa magharibi wa ukingo. Kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2 zaidi, kupanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza msijaribu.

Muwe langoni saa moja asubuhi. Mkitoka Nakuru alfajiri hiyo mtachelewa, kwa hiyo laleni Naivasha, kisha mpande matatu ya Mai Mahiu inayopita barabara ya zamani, mshuke Longonot na mmalizie kwa boda. Kiingilio lipeni mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mkifika ukingoni kabla ya saa tatu na nusu, na mdogo bado anaongea na kula, endeleeni hadi kileleni mrudi kwa njia ileile. La sivyo kaeni pale, mle viazi vitamu na mayai, mtazame msitu uliomo ndani ya kasoko, kisha mshuke. Kwa mtoto hiyo ni safari kamili kabisa.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Njiani hakuna hata tone. Bebeni lita 3 kwa mtu mzima na 2 kwa mtoto. Nusu ikiisha, geukeni popote mlipo. Asubuhi kuna baridi, kwa hiyo watu hawasikii kiu na hawanywi; saa sita jua la utosi linawakuta mteremkoni pasipo kivuli. Kila dakika 20 mtoto apige mafunda matatu, ataka asitake. Kichwa kikimuuma na mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mpumzisheni kivulini na kumnywesha kidogokidogo maji yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja.

Njia ni majivu ya volkano: kiangazi laini kama unga, mvua ikinyesha utelezi mtupu. Bebeni leso za kufunika pua. Ukingoni mtoto ashikwe mkono, mtu mzima akiwa upande wa kasoko. Urefu usiwatishe, maana Nakuru mnaishi mita 1,850 hivi. Koitoboss ya Mlima Elgon, inayopita mita 4,100, ndiyo ingojee watoto wakue.

SWALI: Kila nikishuka mlima kucha za vidole gumba zinageuka nyeusi. Kwa nini? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Mguu unateleza mbele na kucha inagonga ncha ya kiatu maelfu ya mara. Kata kucha siku mbili kabla ya safari. Kiatu kiache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kabla ya kushuka, keti, gonga kisigino chini mguu urudi nyuma, halafu kaza kamba hasa pale kifundoni.