Usiuanze mwaka kwa kujigombeza

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka kama ilivyo kawaida yangu, na mara ya pili nikiwa nimeketi. Unasema kwamba kila mwisho wa mwaka huandika maazimio saba au manane kwenye ukurasa wa kwanza wa shajara mpya, na kabla Januari haijaisha huwa unauruka ukurasa huo kwa kuona haya. Unaniuliza, kwa kuwa nimefanya yoga kwa miaka 19 sasa, kama yoga ina namna yake ya kuupokea mwaka. Na chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, umeuliza kama ukubali mwaliko wa wenzako wa kufanya salamu za jua 108, ule mfululizo wa mikao ya yoga unaorudiwa, usiku wa tarehe 31 Desemba. Nitakujibu yote mawili, ila nitaanza na lile la kwanza, kwa sababu la pili ni rahisi.

Sidhani kwamba maazimio yako yaliangushwa na uvivu. Nimeyasoma yale ya mwaka huu uliyonitumia: nitaacha kuchelewa kulala, nitaacha kuahirisha kazi, nitapunguza kilo 8, sitapoteza muda kwenye simu. Yasome tena kwa sauti, ukijifanya kwamba ni mtu mwingine anayekusomea, nawe utasikia kwamba ni orodha ya mashtaka. Anayeiandika amesimama mbele ya mtu mzembe, akimnyooshea kidole, na bahati mbaya mzembe huyo huyo ndiye anayetegemewa kuifanya kazi yote kuanzia kesho asubuhi. Azimio la namna hiyo huanza na ugomvi, na sijaona mtu anayeweza kugombana na nafsi yake siku 365 mfululizo bila upande mmoja kuchoka.

Lugha yetu ina neno zuri ambalo tumelichosha kwa methali. Tangu shuleni tumeimbishwa kwamba penye nia pana njia, hata nia ikabaki na maana ya ukaidi tu, yaani kutaka sana na kukaza meno. Lakini lisikilize neno hilo watu wanapozungumza bila kufundishana: husema fulani hakuwa na nia mbaya, au kwamba jambo lilifanywa kwa nia njema. Hapo nia haiko mbele ya mtu ikimsubiri; imo ndani ya tendo wakati tendo lenyewe linafanyika. Lengo linaweza kukukwepa mwaka mzima, ilhali nia unaweza kuwa nayo leo jioni, hata kama kazi uliyoifanya kwa nia hiyo imeharibika.

Wanayoga wana neno la Kisanskriti, sankalpa, ambalo linakaribiana sana na maana hiyo. Ni la zamani katika ibada za Kihindu, ambamo mtu hutamka nia yake kabla ya kuanza ibada, lakini wengi wetu tulilipata kupitia yoga nidra, ule mpumziko wa kulala chali huku sauti ya mwalimu ikikupitisha kiungo baada ya kiungo. Sankalpa husemwa kimoyomoyo mwanzoni, mwili unapokuwa umetulia, kwa kawaida mara tatu, kisha husemwa tena mwishoni kabla ya kufumbua macho. Huwa ni sentensi moja fupi, hubaki ile ile kwa muda mrefu, na husemwa kwa wakati uliopo, kana kwamba jambo lenyewe limekwisha kuanza. Tena haijengwi kwa kukanusha, kwa kuwa ukijiambia kwamba hutakasirika umekwisha kuialika hasira iketi mbele yako.

Nikupe mfano wangu mwenyewe. Kwa miaka kadhaa niliandika kwamba nitakuwa mvumilivu, na kila mwaka nilikuwa mvumilivu mpaka mtu wa kwanza aliponiudhi. Kisha mwaka mmoja, nikiwa chali sakafuni, nilijiuliza uvumilivu huo ungeonekanaje kama ungekuwapo, mbele ya nani, na wakati gani hasa. Jibu lililokuja halikunifurahisha: nilikuona wewe mezani, ukinisimulia jambo, nami nikikukatiza kabla hujafika katikati ili nikupe ushauri ambao hukuuomba. Nia yangu ikawa maneno matatu, nasikiliza hadi mwisho, na sijaibadilisha kwa miaka 5. Utakumbuka siku uliyonipigia simu kuniambia kwamba umeacha kazi. Ulinyamaza baada ya sentensi ya pili, ukisubiri nikuhutubie. Nami upande huu nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na ukingo wa meza kwa mkono mwingine, nikiitoa pumzi taratibu mpaka ikaisha, kisha nikangoja. Ukaendelea. Jambo lenyewe hasa, lile lililokuwa likikunyima usingizi, lilikuwa katika sentensi ya saba au ya nane, na kama ningekukatiza nisingelijua hadi leo. (Usinisifu sana. Kesho yake nilimkatiza mama yako mara tatu kabla hatujamaliza chai ya asubuhi, naye akazihesabu.)

Nia ya aina hiyo haipatikani kwa kuketi na kalamu ukizihesabu kasoro zako. Mimi huitafuta nikiwa nimelala, katika ule mkao unaoitwa shavasana, yaani mkao wa maiti, ambao tayari ulielezwa katika kitabu cha Hatha Yoga Pradipika cha karne ya 15: kulala chali ardhini kama maiti, ambako huondoa uchovu na kuipumzisha akili. Wewe unaufahamu mkao huo kuliko unavyodhani. Ulikuwa na miaka sita uliponikuta nimelala hivyo, ukachuchumaa kando ya kichwa changu, ukaniwekea kidole chini ya pua uone kama napumua. Nilifumba macho nikajizuia kucheka. Kidole chako kilikuwa cha baridi na kilinuka rangi za kuchorea.

Jioni ya tarehe 31, kabla hujaingia kwenye kelele zozote, jipatie dakika 20 za mkao huo. Kunja blanketi liwe mviringo na uliweke chini ya magoti ili kiuno kilegee. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India aliyefariki mwaka 2014, aliwafundisha watu wengi kwamba blanketi, mkanda na kipande cha mbao si vitu vya kuonea haya, na mimi mwenye mgongo mbovu ninamshukuru kwa hilo. Miguu iachane, viganja vitazame juu. Legeza taya, kisha utazame kama ulimi nao umelegea, maana ulimi huchelewa. Vuta pumzi kama inavyokuja, ila unapoitoa iwe ndefu kidogo kuliko ulivyoivuta. Moyo hupunguza mwendo kila unapotoa pumzi na huongeza kila unapoivuta, kwa hiyo unaporefusha ile ya kutoka unaupa mwili nafasi ndefu zaidi ya kutulia, bila kuubembeleza kwa maneno.

Ukisha kutulia, rudi nyuma mwezi kwa mwezi, kuanzia Desemba hadi Januari. Usitoe hukumu, tazama tu mwili unafanya nini unapoutaja kila mwezi. Kuna miezi utakayoipita kama mtu anayepita mlango uliofungwa, na kuna mmoja au miwili ambapo pumzi itasimama kidogo, au bega litapanda bila kuamriwa. Mwaka jana langu lilipanda nilipofika Agosti, na nilijua mara moja ni kwa sababu ya maneno niliyomwambia ndugu yangu na ambayo sikuwa nimeyaombea radhi. Nililala pale na Agosti yangu kwa muda, nikaacha kuutafutia mwezi ule utetezi, na asubuhi nikampigia. Sikuandika azimio lolote kuhusu undugu.

Ninasisitiza sehemu hii kwa sababu ndiyo watu wanayoiruka. Tunataka kupokea mwaka mpya huku mikono imejaa ule wa zamani. Patanjali, ambaye Yoga Sutra, zile sentensi fupi za kale kuhusu yoga, zinahusishwa na jina lake, anataja miiko mitano ya namna ya kuishi na wengine, na wa mwisho ni aparigraha, yaani kutokung'ang'ania. Wengi huufasiri kama mwiko wa mali, nami sina ugomvi na tafsiri hiyo, ila nimeona kwamba watu tunaong'ang'ania vitu ni wachache kuliko tunaong'ang'ania hesabu: nani alinikosea, nilishindwa nini, ningekuwa wapi kama si yule. Mwaka huu wako uliacha kazi, ukapoteza rafiki, na shajara yako ikabaki nyeupe kuanzia Februari. Vitaje vyote ukiwa umelala, uviache sakafuni, kisha ndipo ujiulize unataka kuwa nani mbele ya nani. Kama hakuna sentensi inayokuja, inuka ukaoge. Itakuja wiki ijayo, au Machi.

Najua Machi inakutia wasiwasi, kwa kuwa unaiona tarehe 1 Januari kama lango linalofungwa usiku wa manane. Tarehe hiyo ni mapatano ya watu tu. Uingereza iliendelea kuuhesabu mwaka wake kisheria kuanzia tarehe 25 Machi, na mwaka 1752 ndio uliokuwa wa kwanza huko kuanza rasmi tarehe 1 Januari; jua halikubadilisha mwendo wake kwa ajili hiyo. Sutra za Patanjali zenyewe hufunguliwa kwa neno atha, ambalo maana yake ni sasa, na sentensi nzima husema kwamba sasa mafundisho ya yoga yanaanza. Wafafanuzi wameandika mengi juu ya neno hilo dogo. Mimi hulitumia kwa kazi ya chini zaidi: nikigundua tarehe 19 Januari kwamba siku nne zimepita bila kuikumbuka nia yangu, hulisema neno hilo, nikaendelea kutoka nilipo badala ya kungoja mwaka mwingine, au mwezi, au Jumatatu.

Ukiwahi kuketi na kuifuata pumzi utaona kwamba hakuna jambo jingine linalofundishwa pale. Unaanza kuihesabu, unafika nne, na ghafla unajikuta jikoni, au kwenye mabishano ya wiki iliyopita, ukijibu vizuri kuliko ulivyojibu siku ile. Kisha unagundua, unarudi kwenye moja. Wanaoanza hudhani kwamba kule kupotea ndiko kushindwa, wakati kule kurudi ndilo zoezi lenyewe, kama vile kunyanyua uzito ndilo zoezi la mkono. Patanjali anasema kwamba akili hutulizwa kwa mambo mawili, mazoezi na kutong'ang'ania, na kwamba mazoezi huwa imara yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo. Hilo la bila kukatizwa lilinisumbua miaka mingi, hadi nilipoyafanya mazoezi yangu yawe madogo kiasi kwamba hayana sababu ya kukatizwa. Dakika 5 kila asubuhi kabla hujaigusa simu zitakufaa kuliko saa moja na nusu ya Jumamosi ambayo utaitafutia udhuru.

Kuhusu imani, kwa kuwa najua utauliza: Patanjali ameweka katika Sutra zake pia kujikabidhi kwa Mungu, na mimi sehemu hiyo huitimiza kwa sala nilizofundishwa nikiwa mtoto. Haijanilazimu kutafuta nyingine.

Sasa zile salamu 108. Namba hiyo inaheshimiwa sana India, na shanga za kuhesabia maombi huwa 108 pia, kwa hiyo siwadharau wenzako. Lakini mimi nilizifanya, katika mwaka wangu wa nne, kwenye darasa lililojaa watu, pembeni ya bwana mmoja mrefu ambaye hakutoka jasho. Salamu moja, kwa mtindo uliozoeleka, ina mikao 12. Zidisha mwenyewe. Nilipofika ya 60 hivi sikuwa tena nikipumua kwa utaratibu wowote, nilikuwa nikimfukuzia yule bwana, na kila niliposhuka kifudifudi bega la kulia lilinipa onyo ambalo sikulisikiliza. Nilizimaliza zote. Kisha kwa wiki sita sikuweza kuinua mkono hadi kwenye rafu ya juu, na mama yako ndiye aliyekuwa akinifunga vifungo vya shati. Patanjali, ambaye hasemi mengi kuhusu mikao ya mwili, anasema kwamba mkao uwe thabiti na wa raha, na usiku ule sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili. Nenda, kama unawapenda wenzako na unapenda kuwa pamoja nao. Fanya 12, taratibu, kila mwendo ukiwa na pumzi yake, kisha keti pembeni ujifunike, hata kama watakutazama.

Nia yako ukiipata, usiniambie. Si kwamba sitaki kuijua, ila nitaanza kukuuliza imefikia wapi, nawe utajikuta tena mbele ya mtu anayekunyooshea kidole. Tarehe 1 nitakuwa sakafuni kuanzia alfajiri, nikipita miezi yangu polepole kwa sababu ya huu mwaka tuliokuwa nao. Ukipiga simu kabla ya saa mbili asubuhi na nisipokee, usiwe na hofu, na tafadhali usimtume mtu aje kuniwekea kidole chini ya pua.

Akupendaye daima,
Baba yako