Shela haibadilishwi kuwa utaji

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini ile insha ya utalii uliyobadilisha maneno kwa visawe, kwa kutumia programu, imerudishwa na mwalimu, ilhali majina hukuyagusa. Umeyagusa. "Mji wa Kale wa Lamu" umeufanya "Mji Mkongwe". Maana ni ile ile, lakini Mji Mkongwe ni wa Unguja; msomaji umeshamvusha bahari! Halafu "kijiji cha Shela" kimekuwa "kijiji cha Utaji". Nimecheka peke yangu hapa barazani.

Herufi kubwa isikudanganye, maana kila sentensi huanza nayo. Tazama kazi ya neno: shela la bi harusi lina kisawe, Shela, jina la kijiji, haina. Majina ya visiwa vya Pate na Manda nayo yaache yalivyo. Dawa rahisi: kabla hujaanza, weka alama mahali pa kila jina, J1, J2, kisha ubadilishe maneno mengine na mwisho uyarudishe majina yako.

Lakini hapo sipo ulipoangukia zaidi. Umeandika "chombo kubwa lilitia nanga" kwa sababu umetoa "jahazi" ukaacha mkia wake. Jahazi kubwa lilitia nanga. Chombo kikubwa kilitia nanga. Ukibadilisha nomino, fuata upatanisho hadi kwenye kitenzi, na wakati mwingine hadi sentensi inayofuata. Programu uliyotumia haikujua hilo. Na "Bahari ya Hindi" uliyoiita "Maji ya Hindi", irudishe leo leo.