Kwa mnaoanza kumsoma Rimbaud: tangulizeni tarehe

Wadogo zangu mnaoingia idara ya Kifaransa mwaka huu, nanyi mnaojisomea nyumbani bila mwalimu: nimeishi na mashairi ya Arthur Rimbaud kwa miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi, sasa kama mwalimu. Nawaandikia kwa sababu kosa nililolifanya mimi naliona likirudiwa kila mwaka, na wanaolirudia ni wale hasa wanaompenda.

Katika insha yangu ya kwanza juu yake nilijaza ukurasa mzima habari za Aden, bandari ya Yemen, na Harar, mji wa Ethiopia. Nilikuwa nimesoma kwamba Mfaransa huyu aliishi jirani kabisa na pwani yetu, akauza kahawa na bunduki, na kwamba barua zake zinataja zaidi ya mara moja nia ya kwenda Zanzibar, ingawa hakufika. Moyo ukanidunda. Nikalichukua shairi lake maarufu, "Le Bateau ivre", la chombo kilichokata kamba na kupotelea baharini, nikaeleza kwamba joto la Bahari ya Shamu limo katika kila ubeti. Mwalimu wangu hakunikemea. Alizungushia 1871 kwa kalamu nyekundu, mwaka wa shairi, na kando yake akaandika 1880, mwaka Rimbaud alipofika Aden. Hakuongeza neno.

Alipolitunga shairi lile alikuwa na miaka 16, anaishi kwa mama yake Charleville, mji wa kaskazini mashariki mwa Ufaransa ulio mbali na pwani, na bahari hakuwa ameiona bado. Alichokuwa nacho ni mto Meuse uliopita karibu na nyumba yao, na vitabu. Nilipolielewa hilo, shairi halikupungua ukubwa. Liliongezeka. Kijana wa bara ameijenga bahari kwa maneno matupu, mishororo 100, beti 25, akaikunja mfukoni na kwenda nayo Paris Septemba 1871 kumwonyesha mshairi Paul Verlaine.

Basi shauri langu la kwanza: kabla hujafungua shairi, chora safu mbili kwenye karatasi. Upande wa kushoto weka maisha: kuzaliwa Oktoba 1854, baba askari aliyeiacha familia 1860, vita vya Ufaransa na Prussia 1870, risasi ya Verlaine iliyompata kifundo cha mkono Brussels Julai 1873, jeshi la Waholanzi lililompeleka Java 1876 naye akatoroka, machimbo ya mawe Saiprasi, Aden, Harar, kifo Marseille 10 Novemba 1891 akiwa na miaka 37. Kulia weka maandishi. Utaona safu ya kulia inakatika karibu na 1875, ya kushoto ikiendelea peke yake miaka kumi na sita. Hakuna shairi la Harar. Atakayekwambia lipo, mwombe akuonyeshe.

Anza na "Le Dormeur du val", la Oktoba 1870. Ni soneti, Kifaransa chake si kigumu, na mwezi uliotangulia vita vilikuwa vimepiganwa Sedan, mji usio mbali na kwao. Linasimulia askari kijana aliyelala kwenye nyasi za bondeni. Lisome mara tatu kabla ya kufungua kamusi. Mshororo wa mwisho utakapokufunulia jambo, rudi juu utazame jinsi alivyokuandaa tangu mwanzo bila wewe kujua.

Sasa mizani. Hapa sisi tuna bahati wanayoikosa wanafunzi wengi, kwani tumelelewa na shairi la mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Aleksandrini ya Wafaransa ni mizani kumi na mbili, sita kwa sita, na pumziko katikati. Hesabu mshororo wa kwanza wa "Le Bateau ivre": Com-me-je-des-cen-dais, pumzika, des-Fleu-ves-im-pas-sibles. Ile "me" ya "comme" inamezwa katika mazungumzo, lakini katika ushairi huhesabiwa kwa sababu konsonanti inaifuata. Ile "e" ya mwisho kabisa wa mshororo haihesabiwi. Piga kwa vidole mezani, usione haya. Wanafunzi wangu waliokulia kwenye utenzi na taarabu huikamata kanuni hii kwa siku moja.

Ukishaisikia hiyo sita kwa sita, ndipo utamsikia Rimbaud akiivunja. Kelele ya kwamba alikuwa mwasi tu isikupoteze. Mwaka 1869 alishinda tuzo ya mashindano ya shule kwa shairi la Kilatini, akiwa na miaka kumi na minne. Arudhi, yaani kanuni za mizani na vina, aliijua kama fundi anavyozijua mbao. Sisi tuliosoma mabishano ya wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko, wanaoviacha, tunaelewa uzito wa jambo hili: mtu anayeacha vina kwa sababu amevimaliza si sawa na asiyevijua. Vipande vya "Illuminations", vingi vikiwa nathari, visomeni mwisho, baada ya soneti zake.

Shairi la "Voyelles", yaani irabu, nalo lina mtego kwetu. Anazipa irabu rangi: A nyeusi, E nyeupe, I nyekundu, U kijani, O buluu. Tukiliona tunadhani tuko nyumbani, a-e-i-o-u. Lakini U yake si yetu; ni ile ya midomo iliyokunjwa huku ulimi ukikaa mahali pa "i". Na mpangilio umegeuzwa ili O iwe ya mwisho, kwa sababu anaishia kwenye Omega, herufi inayofunga alfabeti ya Kigiriki. Lisome kwa sauti. Ukilisoma kwa macho tu utabaki na orodha ya rangi.

Kutafsiri ndiko kulikonifundisha zaidi, nami nawasihi mjaribu mapema hata kama hamtamwonyesha mtu. Nilianza kwa kuandika "Jahazi Lililolewa", nikajipongeza. Kisha nikakutana na neno "haleurs" katika mshororo wa pili: watu wanaotembea ukingoni mwa mto wakivuta chombo kwa kamba. Jahazi halivutwi hivyo. Chombo hiki kinaanzia mtoni, kimebeba nafaka na pamba, na bahari ni mahali kinapotorokea. Neno langu moja lilikuwa limefuta safari yote. Leo naandika "chombo" tu.

Na ile sentensi inayonukuliwa kila mahali, kutoka barua zake za Mei 1871: "Je est un autre". Wengi hutafsiri "Mimi ni mwingine", na sentensi inakaa kimya, maana "ni" yetu haijali nafsi. Kwa Kifaransa sikio linashtuka: ilipaswa kuwa "suis", yeye ameweka kitenzi cha nafsi ya tatu. Siku moja, nikisahihisha daftari, nikakumbuka "yu", kama katika "yu mgonjwa". "Mimi yu mwingine." Sikio linakwaruzika pale pale lilipokwaruzwa la Mfaransa. Sijawahi kufurahia kosa la sarufi kiasi kile.

Jihadharini pia na waliomtangulia msomaji. Paterne Berrichon, aliyemuoa dada yake Isabelle baada ya mshairi kufariki, alichapisha barua zake huku akizirekebisha hapa na pale ili shemeji aonekane mtu wa heshima zaidi. Ilisemwa pia kwamba Rimbaud alikichoma chote kitabu chake "Une saison en enfer". Mwaka 1901 mamia ya nakala yakakutwa kwa mchapaji Brussels, yamelala tangu 1873 kwa sababu hakumaliza kulipa deni. Tafuteni matoleo ya wahariri wa baadaye waliorudi kwenye hati zenyewe.

Barua za Aden na Harar zina mahali pake, na nazipenda. Anaagiza vitabu vya ufundi, kamera, tafsiri ya Kurani. Analalamikia joto na faida ndogo. Anahesabu gharama za msafara wa bunduki za Menelik, mfalme wa Shewa aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa Ethiopia. Zisome kama barua za mfanyabiashara aliyechoka. Ya mwisho ni ya 9 Novemba 1891, siku moja kabla ya kufa, mguu wake ukiwa umekatwa, akimtamkia Isabelle aandike. Anaomba kwa mkurugenzi wa kampuni ya meli aambiwe saa ngapi abebwe kuingizwa chomboni. Hapo utashawishika kukimbilia kile chombo cha 1871, uone mshairi na mgonjwa wamekutana. Mimi hushawishika kila ninapoisoma. Kisha naitazama karatasi yangu yenye safu mbili, miaka ishirini imelala kati ya kimoja na kingine, nami naisoma tena polepole.