Maswali yenu kuhusu hataza: zipu, waipa, kofia ya moshi na mengine ya miaka ya 1900

Wiki iliyopita niliandika mistari michache tu kuhusu zipu, kwamba hii tunayoivuta kila asubuhi ililindwa kwa hataza (patent, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kwa muda wasitumie alichobuni) ya Marekani ya mwaka 1917. Maswali yakaja mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechukua saba yanayohusu kipindi hichohicho, mwanzoni mwa karne ya 20, nikayafupisha kidogo.

Shikamoo. Uliandika kwamba zipu ni kazi ya Gideon Sundback, lakini mwanangu kaambiwa shuleni ni ya Judson. Tushike lipi? (Fundi cherehani, Morogoro)

Marahaba, fundi. Mwanao hajadanganywa. Whitcomb Judson alipata hataza zake mwaka 1893 kwa ajili ya kifungio cha viatu: safu ya ndoana na vitanzi vyake, na kidude cha kuteleza kinachozifunga. Ubaya wake ni kwamba kilifumuka chenyewe, tena wakati usiofaa. Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikihangaika na kifungio hicho. Baada ya kukitengeneza na kukirekebisha mara nyingi, akaachana na ndoana kabisa.

Chukua zipu ya chuma iliyokufa, mojawapo ya zile ulizobandua kwenye suruali za wateja, uitazame karibu na dirisha. Kila jino lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Kinundu cha jino la kushoto kinaingia kwenye kishimo cha jino la kulia, na hilo nalo linaingia kwenye linalofuata. Meno yote yanafanana. Hakuna safu ya ndoana na safu ya vitanzi. Jino moja halishiki kitu, ila likishabanwa kati ya mawili halitoki mpaka kichwa cha zipu kirudi kuyatenganisha. Hiyo ndiyo hataza namba 1,219,881, iliyoombwa mwaka 1914 na kutolewa tarehe 20 Machi 1917. Sundback alibuni pia mashine ya kutengenezea meno hayo na kuyabana kwenye utepe, na kwangu hiyo ni nusu ya uvumbuzi wenyewe, maana zipu iliyotengenezwa jino kwa jino kwa mkono isingefika Morogoro.

Mtu wa wakati ule akitaka hataza alifanya nini hasa? Alikwenda ofisini na kitu chake mkononi? (Mwanafunzi wa sheria, Dodoma)

Zamani ndiyo. Marekani ilidai mfano mdogo wa kifaa mpaka mwaka 1880, makabati yakajaa. Baada ya hapo ofisi ya Washington ilitaka karatasi tu, isipokuwa kwa wale waliodai wamebuni mashine inayojiendesha milele bila nishati. Hao waliambiwa walete mashine yenyewe waione ikizunguka.

Karatasi zilikuwa na sehemu tatu. Kwanza michoro, kila kipande kikiwa na herufi au namba yake. Pili maelezo, yaliyoandikwa kwa namna ambayo fundi mwingine wa kazi hiyo angeweza kuyasoma na kukitengeneza kitu hicho mwenyewe. Tatu madai, yaani orodha ya yale hasa ambayo mvumbuzi anasema ni yake. Ada ilikuwa dola 15 ukiwasilisha na dola 20 hataza ikitoka, mbali na malipo ya wakili. Ukifanikiwa, ulipewa miaka 17 ya kuwazuia wengine, kuanzia siku hataza ilipotolewa. Uingereza ilikuwa miaka 14, na ofisi ya London ilianza kuchunguza kama jambo ni jipya kweli mwaka 1905 tu. Kabla ya hapo uliweza kupewa hataza ya kitu ambacho jirani yako alikuwa nacho tayari.

Zingatia madai. Maelezo ni shamba lote unaloliona kwa macho, madai ni bikoni zilizopigwa ardhini. Usichokidai si chako, hata kama umekichora vizuri kiasi gani.

Mfano ninaoupenda ni wa ndugu Wright, Wamarekani wawili waliobuni ndege. Wilbur alikuwa dukani kwao Dayton, duka la baiskeli, akichezea boksi jembamba la tyubu. Akagundua kwamba akilisokota, pembe za upande mmoja zinainuka na za upande wa pili zinashuka, na akaona bawa la ndege linaweza kufanywa vivyo hivyo. Tarehe 23 Machi 1903 waliwasilisha ombi walilojiandikia wenyewe. Likakataliwa. Mwaka uliofuata wakamwendea Harry Toulmin, wakili wa Springfield, Ohio. Yeye hakudai "mashine ya kuruka" kwa jumla. Aliweka madai kwenye namna ya kuiongoza, yaani kubadilisha pembe za mabawa ya kushoto na kulia na kuoanisha jambo hilo na usukani wa nyuma. Hataza namba 821,393 ikatoka tarehe 22 Mei 1906. Itazame michoro yake: hakuna injini. Ombi lilitokana na ndege yao ya kuelea ya mwaka 1902, na liliwasilishwa karibu miezi tisa kabla hawajaruka kwa injini. Kwa sababu Toulmin alipiga bikoni mahali pazuri, hata mshindani wao Glenn Curtiss, ambaye hakusokota mabawa bali alitumia vibawa vidogo vya pembeni, alishindwa mahakamani. Kesi hizo zilivuruga biashara ya ndege Marekani mpaka mwaka 1917, vita vilipowalazimisha wenye viwanda kuziweka hataza zao kwenye kapu moja.

Nimesikia waipa ya gari ilibuniwa na mwanamke ambaye hata gari hakuwa nalo. Ni kweli au ni hadithi za mitandaoni? (Dereva wa matatu, Mombasa)

Kuwa ilibuniwa na mwanamke ni kweli. Mary Anderson wa Alabama alikuwa New York wakati wa baridi, ndani ya tramu, akamwona dereva anahangaika kuona mbele kwa sababu theluji ilikuwa imefunika kioo. Aliporudi kwao akachora. Hataza yake, namba 743,801, ilitoka tarehe 10 Novemba 1903, na kifaa alikiita kwa Kiingereza "kifaa cha kusafishia dirisha", hakuna zaidi. Kuna mpini ndani, karibu na mkono wa dereva. Mpini unazungusha fimbo inayopenya kwenye fremu ya kioo, na nje kuna mkono wenye ukingo wa mpira unaopangusa. Ameweka uzito wa kusawazisha ili mpira ugandamize kioo, na kitu chote kinaweza kufunguliwa na kuwekwa pembeni msimu wa baridi ukiisha. Wewe unayeendesha kwenye mvua ya masika utaona mara moja kwamba huyu mama aliwaza kwa macho ya dereva.

Mwaka 1905 aliipeleka kwa kampuni moja ya Kanada, ikamjibu kwamba kitu chake hakina thamani ya kibiashara. Magari yalikuwa machache mno. Ford ya Model T ilianza kuuzwa mwaka 1908, na kufikia wakati magari yalipojaa barabarani, miaka 17 ilikuwa imekwisha, mwaka 1920. Waipa zikawa kila mahali, na yeye hakupata kitu.

Mlinganishe na King Gillette, aliyepata hataza ya wembe wa kubadilisha mwaka mmoja tu baada yake, tarehe 15 Novemba 1904. Mwaka 1903 kampuni yake iliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata vishikio vikafika 90,884. Ndevu zilikuwepo tayari na zinaota kila siku, ilhali magari ya Mary yalikuwa hayajafika. Na hataza ya Gillette ilipokaribia kuisha mwaka 1921, kampuni ilikuwa imeshatoa wembe mpya wenye hataza mpya. Huwa naumia nikimfikiria Mary Anderson. Sheria ilimlinda miaka ileile 17 kama Gillette, ila yake ilipita kabla ya soko lake kuzaliwa.

Je, watu Weusi waliweza kupata hataza wakati ule wa ubaguzi? Wanafunzi wangu wananiuliza na sina la kuwaambia. (Mwalimu wa historia, Kisumu)

Waliweza, mwalimu, na swali hili lina mengi ya kufundishia. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani alitoa maoni kwamba mtumwa hawezi kupewa hataza kwa kuwa si raia. Bwana wake naye hakuweza kuipata kwa kazi ya mtumwa huyo, kwa kuwa si yeye aliyebuni. Utumwa ulipokomeshwa kizuizi hicho kikaondoka, na karatasi za hataza hazikuandika rangi ya mtu. Hilo lilisaidia, lakini lilificha pia: ukisoma hataza ya mwaka 1905 huwezi kujua aliyeibuni alikuwa nani.

Aliyeifanya kazi ya kuwatafuta ni Henry E. Baker, mkaguzi msaidizi Mweusi ndani ya ofisi ileile ya hataza. Kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, barua zilipelekwa kwa mawakili wa hataza na makampuni nchi nzima kuwauliza kama wanawafahamu wavumbuzi Weusi, naye akayakusanya majibu jina kwa jina. Majina mengi tunayoyajua leo tunayajua kwa sababu ya mkaguzi mmoja aliyejali.

Wape wanafunzi wako habari ya Garrett Morgan. Alizaliwa Kentucky mwaka 1877, akahamia Cleveland, akaanza kama fundi wa kutengeneza vyerehani. Mwaka 1914 alipata hataza ya kofia ya kumwezesha mtu kupumua ndani ya moshi. Alijua moshi na joto hupanda juu, kwa hiyo aliweka mirija mirefu inayoning'inia mpaka karibu na sakafu, na mdomoni mwa mirija akatia sponji iliyoloweshwa. Alipokwenda kuiuza majimbo ya kusini alimkodi Mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi, na yeye akawa anaingia kwenye hema lililojaa moshi kuonyesha inavyofanya kazi. Julai 1916 mlipuko ulitokea kwenye handaki chini ya Ziwa Erie. Morgan aliitwa usiku, akashuka na kaka yake wakiwa wamevaa kofia hizo, wakatoa watu. Habari zilipoenea pamoja na picha yake, baadhi ya wateja walifuta oda zao.

Jambo moja tu urekebishe darasani. Inasemwa sana kwamba Morgan ndiye aliyebuni taa za barabarani. Cleveland yenyewe ilikuwa na taa za umeme tangu mwaka 1914. Hataza ya Morgan ya mwaka 1923 ni ya nguzo yenye mikono, inayozungushwa kwa mpini, na ubora wake ni ile hali ya tatu: magari ya pande zote yanasimama kabla njia haijabadilishwa.

Ni kweli Einstein aliwahi kuwa karani wa hataza? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Bukoba)

Kweli. Alifanya kazi ofisi ya hataza ya Bern, Uswisi, kuanzia 1902 mpaka 1909, akianzia daraja la tatu la wataalamu, na mengi aliyoyapitia yalikuwa ya vifaa vya umeme. Makala zake kubwa za fizikia za mwaka 1905 ziliandikwa akiwa na ajira hiyo. Mkubwa wake, Friedrich Haller, aliwafundisha wakaguzi kuanza na dhana kwamba kila anachosema mwombaji si sahihi.

Kitu kidogo kabisa, kama kichujio cha kahawa, nacho kilistahili hataza? (Mama anayeuza kahawa, Tanga)

Shikamoo mama. Umetaja kitu chenyewe hasa. Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, alichoshwa na machicha ya kahawa kwenye kikombe. Akachukua chombo cha shaba, akakitoboa matundu chini kwa msumari, akachana karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la mwanawe na kuiweka ndani. Kahawa ikatoka safi. Sisi kwenye dele tunangoja machicha yatulie. Yeye hakutaka kungoja.

Wajerumani walikuwa na ngazi mbili. Hataza kamili ilichunguzwa kwa ukali. Chini yake, tangu mwaka 1891, kulikuwa na usajili wa vifaa vidogo, wa muda mfupi na gharama nafuu, uliotolewa bila uchunguzi mrefu. Kichujio cha Melitta kilisajiliwa kwa ngazi hiyo ya pili, Juni 1908, na Desemba mwaka huohuo akaandikisha kampuni yenye mtaji wa pfenigi 73 (senti za Kijerumani). Ngazi kama hiyo ipo pia kwenye sheria za Tanzania na Kenya za sasa, na nasikitika kwamba mafundi wengi hawaambiwi.

Na huku kwetu? Babu zetu wangeweza kuomba? Na hizo hataza za zamani mtu anazisoma wapi? (Fundi wa karakana, Nakuru)

Kwa Kenya njia ilipita London. Hataza ilitolewa kwanza Uingereza, ndipo ikasajiliwa Nairobi, na mambo yalibaki hivyo muda mrefu baada ya uhuru, mpaka sheria ya mwaka 1989 ilipoiwezesha nchi kutoa hataza zake. Fundi wa karakana mwenye wazo zuri mwaka 1930 alikuwa na bahari kati yake na ofisi. Leo wewe unakwenda KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, ndugu zetu wa Tanzania bara wanakwenda BRELA, wakala wao wa usajili, na ARIPO, shirika la hataza la nchi za Afrika lililoko Harare, linapokea ombi moja kwa nchi kadhaa.

Kuzisoma ni bure. Fungua tovuti ya Google Patents au Espacenet kwenye simu, andika US ikifuatiwa na namba bila mkato: US743801 itakuletea waipa ya Mary Anderson, US1219881 zipu ya Sundback. Usianze na maneno. Anza na mchoro, fuata namba moja mpaka uijue inashika wapi, kisha ruka mpaka mwisho kwenye madai, halafu ndipo urudi kusoma maelezo. Kiingereza chake ni cha kizamani, lakini wewe unajua springi inavyosukuma na boliti inavyokaza, kwa hiyo mchoro utakuongoza palipo pagumu. Ukikwama kwenye sentensi yoyote, niandikie namba ya hataza na namba ya mstari, nitakufafanulia.