Digrii mbili kwa miaka mitatu? Hesabu haikubali

SWALI: Mwanangu amemaliza kidato cha nne na amepata alama nzuri. Ajenti mmoja hapa mjini ametuletea barua ya chuo cha Marekani inayosema atasoma digrii ya kwanza na masta ya kompyuta kwa pamoja, zote amalize kwa miaka mitatu. Anataka tulipe dola 1,500 za kushika nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Je, programu hizi zipo kweli? Na masta ya namna hiyo itatambulika Kenya? – Mama Rehema, Kisauni

JIBU: Programu zipo, Mama Rehema, na ni halali kabisa. Hiyo barua ndiyo siiamini. Barua za aina hii naletewa mara kwa mara, na zote zinategemea dhana moja: kwamba digrii zikiunganishwa, masomo yanapungua. Hayapungui.

Chukua kalamu tupige hesabu. Vyuo hupima masomo kwa krediti, yaani pointi ambazo kila somo hubeba. Digrii ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120. Masta ni 30, nyingine 36. Jumla 150 kwa uchache. Chuo kinachounganisha hizi mbili hakifuti somo. Kinachofanya ni kukubali masomo machache ya kiwango cha masta, aghalabu krediti 9 hadi 12, yahesabiwe pande zote mbili. Punguzo lenyewe ni hilo, halina jingine. Ukitoa 12 zinabaki 138. Mwanafunzi anayekwenda mwendo mzuri hubeba krediti 15 kwa muhula, yaani 30 kwa mwaka. Gawanya 138 kwa 30: miaka minne na zaidi ya nusu. Ndiyo maana wenyewe huziita "nne jumlisha moja", mitano kwa jumla, badala ya sita ya anayesoma digrii halafu akarudi kwa masta ya miaka miwili. Ili amalize kwa mitatu, mwanao atabeba krediti 23 kila muhula, na vyuo vingi havimruhusu mtu kupita 18 bila kibali maalum.

Kuna na jambo la pili ambalo maajenti hawalitaji. Kwa kawaida mwanafunzi huingia kwa digrii ya kwanza tu. Ombi la kuunganisha hulipeleka akiwa mwaka wa tatu, na hutakiwa wastani wa 3.0 kwenda juu katika kipimo cha 4.0. Wastani ukishuka, anabaki na digrii yake moja, na si aibu. Mwaka wa nne anakaa darasa moja na watu wa masta, kazi ni zao na viwango ni vyao. Nimeona vijana hodari wakilemewa hapo, si kwa ujinga, ila kwa kuwa nyumbani waliambiwa hii ni njia ya mkato. Na angalieni ufadhili: misaada mingi ya digrii ya kwanza hukoma baada ya mihula minane. Mwaka wa tano karo hubadilika, na aghalabu mnalipa wenyewe.

Nchi nyingine zina mitindo yake. Uingereza, MEng, yaani masta ya uhandisi, kwa kawaida ni kozi moja ya miaka minne (Scotland mitano), na mwishoni hupewi vyeti viwili bali kimoja cha masta. India, ambako watoto wengi wa Pwani huenda, taasisi za teknolojia za IIT zina kozi za B.Tech (digrii ya kwanza) na M.Tech (masta) kwa pamoja, miaka mitano. Kote huko, hakuna anayekupa miaka mitatu.

Kuhusu kutambulika: Kenya haiangalii ukubwa wa jina la chuo. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, uliowekwa kwa sheria ya 2014, digrii ya kwanza iko ngazi ya 7 na masta ngazi ya 9. Cheti cha nje hulinganishwa na ngazi hizo, na anayelinganisha huanza na chuo chenyewe: je, kimeidhinishwa kwao? Masta ya kweli iliyounganishwa haina tatizo, mradi transkripti, yaani orodha rasmi za masomo na alama, zionyeshe wazi masomo gani yalihesabiwa wapi. Mwanao atakapofika huko azidai zote mbili, ya digrii na ya masta, na azitunze.

Sasa turudi kwa barua. Chuo cha Marekani chenye kibali cha kupokea wanafunzi wa nje hutoa fomu ya I-20, ya kuthibitisha kwamba mwanafunzi amekubaliwa. Juu yake kuna namba ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje, inayoanza na herufi N, kuna kiwango cha masomo, kuna tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mwanafunzi anayeanza sasa, fomu yake itasema digrii ya kwanza. Mwulizeni ajenti hiyo fomu. Akisema itakuja mkishalipa, ingieni wenyewe katika tovuti ya chuo, muiandikie ofisi ya udahili kwa anwani iliyo hapo, si ile iliyo kwenye barua yake. Ada ya SEVIS ni dola 350, na hulipwa serikali ya Marekani. Hailipwi kwa ajenti kwenye chumba cha ghorofa ya pili Mwembe Tayari.

Mnisamehe ukali. Biashara hii ni kubwa kuliko ajenti mmoja. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua Axact, kampuni ya Karachi iliyokuwa ikiuza vyeti vya vyuo ambavyo havikuwepo popote ila kwenye intaneti, na wateja wengine walirudiwa kwa vitisho ili watoe pesa zaidi. Hapa kwetu, mtumishi wa umma akipatikana na cheti bandia, EACC, tume ya kupambana na ufisadi, humfuata mahakamani arudishe mishahara aliyokula. Wapo walioghushi kwa makusudi. Wapo pia waliolipa karo, wakafanya "mitihani" ya mtandaoni, wakavaa joho hotelini wakapigwa picha, na wao hawakujua mpaka barua ya mwajiri ilipofika.

Kwa hiyo mtu akikwambia uzoefu wako wa kazi unatosha kwa digrii nzima, au masta inakwisha kwa miezi sita bila digrii ya kwanza, au nafasi zinakwisha Ijumaa, mwache aende zake. Chuo hutangaza tarehe zake za mwisho mapema, kila mtu azione. Na amana, ikiwa kweli ipo, hulipwa kwenye akaunti ya chuo kwa jina la mwanafunzi, na risiti hutoka chuoni. Hiyo namba ya M-Pesa aliyokupa ajenti, usiitumie hata shilingi.