Mwanangu, kuhusu hizo ukulele mbili

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza, sasa kwa kuwa umejiwekea akiba na fedha si kikwazo tena, uchukue kigitaa cha nyuzi nne cha ukubwa wa tenori, cha mbao za koa, kilichotengenezwa Hawaii, au ile tenori ambayo kifua chake, ule ubao wa mbele, ni cha mbao za sprusi. Nami nikuulize: umezishika? Maana umenieleza rangi zake, umenieleza vanishi, hata ile mistari ya koa inayochezacheza kwenye mwanga umenieleza. Hujaniambia zina uzito gani mkononi.

Ukulele nzito haiimbi. Najua neno hilo umelisikia kwangu tangu utotoni na unaweza kulimalizia kabla sijafungua mdomo. Nalirudia kwa sababu siku niliponunua yangu nilikuwa sijalijua.

Unaijua ile konseti yangu, ndogo kuliko tenori, yenye maua ya lulumizi shingoni, umekua ukiiona ukutani. Sidhani kama nimewahi kukusimulia siku niliyoinunua. Nilikwenda na mjomba wako. Mwenye duka akatutolea mbili. Moja ni hiyo ya maua, inang'aa hata unajiona sura mgongoni mwake. Ya pili mahogani tupu, haina pambo lolote, vanishi yake nyembamba mpaka ukipitisha kidole unahisi mishipa ya mbao. Nikapiga kodi ya C, yaani noti zake zote kwa pamoja, kwenye ya maua, ikaitika vizuri, nikasema nimepata. Ile nyingine niliinyanyua ili kuirudisha tu. Mkono ulipanda juu ghafla, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kubeba kitu kizito zaidi. Mpaka leo nauhisi mkono ule ukipanda. Uliniambia, nami sikuusikiliza.

Mjomba wako akaichukua ile tupu.

Nyumbani nikaanza kujifunza nyimbo, na kila nikifika kwenye F sauti inachachuka. Wewe unapiga F kila siku, lakini hebu itazame kidogo: kidole cha shahada kinabana uzi wa pili kwenye freti ya kwanza kabisa, kile kijiti cha chuma cha kwanza shingoni, jirani na kile kipande cha mfupa ambamo nyuzi hupita zikitoka kichwani. Mifereji ya mfupa ule isipochimbwa vya kutosha, uzi unakaa juu mno. Ukiubana pale unavutika, na noti inapanda kuliko inavyotakiwa. C haikuonyeshi kasoro hiyo, kwani nyuzi tatu ziko wazi na kidole kimoja tu kipo, mbali kule kwenye freti ya tatu. Dukani nilikuwa nimepiga C peke yake.

Karibu miaka miwili niliamini kasoro ni sikio langu. Niliacha kuimba mbele ya watu. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Fedha nilishazisahau zamani.

Baadaye fundi mmoja aliishika, akapitisha tupa ndogo kwenye mifereji ile, na kazi haikuchukua hata nusu saa. F ikanyooka. Na hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu hadi leo, maana kama dawa yake ilikuwa tupa tu, basi huenda ukulele nimeionea bure. Huenda. Lakini hata baada ya fundi, sauti ilikuwa inatoka na kufa palepale, kama mtu anayesema akiwa amejifunika blanketi. Kifua chake ni kinene, na vanishi imepakwa nene juu yake. Uzi wa nailoni hauna nguvu nyingi, hauwezi kutikisa ubao kama ule. Ile ya mjomba wako ndiyo iliyokuwa ikikulaza usingizi, unaikumbuka: kodi ya mwisho inaendelea kulia hata mkono ukishatulia. Nami nikiwa chumba cha pili, nasikia kila jioni kile nilichokirudisha kwa mkono wangu. Hakuwahi kunisimanga, hata mara moja.

Ndiyo maana nasema nzito haiimbi. Ingawa lazima nikutahadharishe, uzito wa kichwani unaweza kukudanganya. Zile mashine za gia za kukazia nyuzi, zinazotokeza pembeni, huweza kuifanya ukulele nyepesi iinamie upande wa shingo ukadhani ni nzito. Basi shika tumbo lake, siyo kichwa. Gonga kifua kwa ncha ya kidole karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, usikie kama kinajibu. Kisha piga F, piga C, halafu kila uzi uulinganishe ukiwa wazi na ukiwa umebanwa freti ya 12. Noti iwe ileile, juu zaidi kwa oktava moja. Isipokuwa hivyo, irudishe, hata kama ni ya bei ya kutisha.

Utasema mbao sijazijibu. Koa asili yake ni Hawaii peke yake. Mafundi waliofika Honolulu mwaka 1879 kwa meli ya Ravenscrag, akina Manuel Nunes kutoka Madeira, walikuja na ujuzi wa kigitaa chao kidogo kinachoitwa machete, na kwa mbao za koa walizozikuta huko ukulele ikazaliwa. Familia ya Kamaka wanazitengeneza mji uleule tangu 1916. Ukitaka chombo chenye nasaba hiyo sikulaumu, na sauti ya koa ina joto lake. Sprusi nayo hujibu upesi, kila noti inasimama peke yake, inamfaa mtu anayedonoa nyuzi moja moja kama unavyofanya wewe... Unaona, nimeshaanza kukuchagulia. Niache hapo.

Ukubwa sina ugomvi nao. Tenori ina uzi wa kama sentimita 43 kutoka mfupa wa juu hadi darajani, konseti kama 38, nawe vidole umerithi vya babu yako.

Ila zote mbili unazozitaja ni za mbao nzima, si plaiwudi, na mbao nzima inapumua. Ule ufa chini ya daraja la ukulele ya mjomba wako, uliokuwa ukiupitishia ukucha ulipokuwa mtoto, uliingia msimu wa ukavu. Ilikuwa imelala nje ya kasha, juu ya kabati. Tulisikia usiku, mlio mmoja mkavu, na asubuhi akaikuta imepasuka. Aliigundisha, ikaendelea kuimba, lakini sikuwahi kumwona akikaa kimya vile. Weka kipimo cha unyevu ndani ya kasha, usome kati ya asilimia 45 na 55. Hilo siombi, naagiza.

Jibu ninalo, na linanikereketa kooni. Lakini mimi sijazishika. Siku utakayokwenda, nipigie simu. Usinieleze rangi, wala usiniambie ipi ni ipi. Iweke simu mezani, piga F kwenye ya kwanza, uiache ife yenyewe. Kisha ya pili. Nitakuwa nasikiliza, na nitajitahidi nisiseme kitu.

Mama yako